KUPUNGUZA, KUPUNGUA NA KUKOMA: LUGHA YA UZITO NA KIKOMO CHAKE BAADA YA UPASUAJI WA TUMBO

Utangulizi

Kitenzi pungua na kitenzi punguza hutofautiana kwa sauti moja tu. Katika darasa la mofolojia tofauti hiyo huelezwa kwa dakika chache: cha kwanza hutaja hali inayomfika mtu au kitu, na cha pili, kilichopokea kiambishi cha kauli ya kutendesha, hutaja tendo lenye mtendaji. Nje ya darasa, hata hivyo, kuna watu ambao afya yao huitegemea tofauti hiyo. Hao ni wale waliofanyiwa upasuaji wa tumbo ili uzito wao ushuke, kisha wakafika mahali ambapo hawana budi kujiuliza: uzito huu ukome lini kushuka, na ni nani anayeamua?

Makala haya yanadhamiria kulieleza swali hilo yakilitazama kutoka Kimilili, mji wa Kaunti ya Bungoma ulio chini ya Mlima Elgon, kusini magharibi mwa Kitale. Kimilili haikuchaguliwa kwa kuwa upasuaji huo hufanyika pale. Nchini Kenya upasuaji wa aina hii hufanywa zaidi katika hospitali kubwa za Nairobi, Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan ikiwa mojawapo, kiasi cha kilomita 400 kutoka Kimilili. Lakini mgonjwa halazwi Nairobi milele. Hurudi nyumbani baada ya siku chache, na ni huko nyumbani, mbele ya sahani ya ugali na macho ya majirani, ambako uamuzi wa kukoma hufanyika kwa muda wa miezi mingi. Daktari humwona kwa nusu saa. Jirani humwona kila siku.

Neno na mzigo wake

Kiswahili kina utajiri wa maneno ya kutajia mwili mkubwa na mwili mdogo, na hakuna hata moja lisilo na hukumu ndani yake. Mtu akinawiri amesifiwa. Akipata mwili amesifiwa pia, kana kwamba awali hakuwa nao. Bonge la mtu, pandikizi la mtu na mtu wa miraba minne ni sifa zenye hofu kidogo ndani yake. Kitambi kwa miaka mingi kimekuwa ishara ya mshahara wa mwisho wa mwezi, ingawa waandishi wetu wa tamthilia na riwaya za baada ya uhuru wamekitumia mno kama ishara ya unyonyaji, hata msomaji akikutana na mhusika mwenye kitambi katika ukurasa wa kwanza hana haja ya kuuliza atafanya nini katika ukurasa wa mwisho.

Upande wa pili, mtu hukonda, hudhoofu, husinyaa, hubaki gofu la mtu au huwa kimbaombao. Orodha hii haina neno la furaha. Ndiyo sababu wanawake wa mijini walipoanza kutafuta wembamba kwa hiari yao hawakusema kwamba wanataka kukonda. Walisema wanataka kupungua. Neno pungua lilichukuliwa kwa sababu ni safi, halijawahi kumlilia mgonjwa. Hata hivyo lina kasoro yake. Kukonda kuna mwisho unaojulikana, kwani aliyekonda amekonda. Kupungua hakuna mwisho ndani ya neno lenyewe. Maji ya kisima hupungua mpaka yakauke.

Kwa unene unaohesabiwa kuwa ugonjwa, istilahi hazijatulia. Wakenya wengi husema unene wa kupindukia au utipwatipwa. Tanzania, maandishi ya afya hutumia uzito uliozidi na kiribatumbo. Hili la pili lina nguvu ya picha, maana kiriba ni mfuko wa ngozi wa kuchukulia maji, lakini hulielekeza tatizo tumboni peke yake ilhali mafuta ya mwili hukaa kila mahali. Si suala la maneno matupu. Utafiti wa Afya na Idadi ya Watu wa Kenya wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba asilimia 33 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au unene wa kupindukia, na uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu vihatarishi vya magonjwa yasiyoambukiza ulikadiria kwamba asilimia 27 ya watu wazima wote walikuwa katika hali hiyo. Jambo linalowahusu watu wengi kiasi hicho linastahili jina linaloeleweka sokoni.

Tumbo lipi?

Ugumu mwingine umo katika neno tumbo. Katika Kiswahili cha kawaida tumbo ni lile linaloonekana nje, linalofungwa mshipi. Tumbo ni mahali mtoto anapokaa kabla ya kuzaliwa. Na tumbo ni kile kiungo cha ndani kinachopokea chakula. Muktadha hututosha kila siku. Lakini mtu akisikia kwamba fulani amekwenda Nairobi kukatwa tumbo, hudhani kwamba amekwenda kuondolewa mafuta ya kiunoni, kama mchinjaji anavyoondoa mafuta kwenye nyama. Sivyo. Upasuaji unaozungumziwa hapa hauondoi mafuta hata kidogo. Hukibadilisha kile kiungo cha ndani, ambacho hapa kitaitwa mfuko wa chakula ili kuondoa utata, na mafuta huondoka baadaye polepole.

Aina mbili ndizo zilizoenea zaidi duniani. Katika ya kwanza daktari huondoa kiasi cha robo tatu au zaidi ya mfuko wa chakula, akaacha mrija mwembamba wenye umbo la ndizi. Katika ya pili hutenga kijifuko kidogo sana sehemu ya juu, kisha akakiunganisha moja kwa moja na utumbo mwembamba ili chakula kizunguke sehemu kubwa ya mfuko na mwanzo wa utumbo. Hii ya pili ingeweza kuitwa upasuaji wa mchepuko, kwa mfano wa barabara inayouzunguka mji, lau neno mchepuko lisingekuwa limekwisha kutekwa na mazungumzo ya vijana na kupewa maana ambayo mgonjwa asingependa kuieleza kwa mama mkwe wake. Mchepuko wa aina hii ulianzishwa nchini Marekani na Edward Mason na mwenzake Chikashi Ito katika miaka ya 1960.

Kinachofanya kazi si udogo wa mfuko pekee. Mwaka 1999 wanasayansi wa Japani waligundua homoni iitwayo grelini, ambayo hutoka kwa wingi katika sehemu ya juu ya mfuko wa chakula na kuupelekea ubongo habari ya njaa. Sehemu hiyo ikiondolewa, njaa yenyewe hupoa. Homoni nyingine za utumbo hubadilika pia, na shibe huja mapema. Kwa sababu hiyo mgonjwa wa miezi ya mwanzo hapunguzi uzito kwa maana ya mtendaji anayejinyima, uzito humpungua. Wengi huishi miezi hiyo kama abiria aliyepanda gari linaloshuka mteremko. Swali la breki huja baadaye, na aghalabu huja ghafla.

Mwili unavyokoma wenyewe

Jambo la kwanza ambalo mgonjwa na jamaa zake hawana budi kulielewa ni kwamba kwa walio wengi uzito hukoma wenyewe. Hushuka kwa kasi katika miezi 6 ya kwanza, hupunguza kasi baada ya hapo, na hufika chini kabisa kati ya mwezi wa 12 na wa 24. Mwili mdogo hutumia nishati kidogo kuliko mwili mkubwa, kama pikipiki inavyotumia petroli kidogo kuliko lori. Mfuko wa chakula nao huzoea na kupokea zaidi. Njaa hurudi kidogo kidogo. Siku moja kinacholiwa na kinachotumika hulingana, na mizani husimama.

Utafiti mrefu wa Uswidi ulioanza mwaka 1987, na ambao matokeo yake mashuhuri yalichapishwa mwaka 2007 na Lars Sjöström na wenzake, ulionyesha kwamba waliofanyiwa mchepuko walikuwa wamepoteza wastani wa asilimia 32 ya uzito wao baada ya mwaka mmoja au miwili, na baada ya miaka 10 walikuwa chini ya uzito wao wa awali kwa asilimia 25. Tarakimu hizo mbili zinabeba habari kubwa. Kuna mahali pa chini kabisa, na kuna mahali pa kukaa, na mahali hapo pawili si pamoja. Anayerudisha kilo kadhaa katika mwaka wa tatu hajashindwa. Ametoka bondeni na kukaa mahali ambapo mwili umekubali kukaa.

Chukua mfano wa mwanamke wa kubuni, mwalimu wa shule ya msingi, mwenye kimo cha mita 1.60 na uzito wa kilo 115. Wastani wa Uswidi ukimwangukia sawasawa, atashuka hadi kilo 78 hivi, na baada ya miaka 10 atakuwa na kilo 86 hivi. Atakuwa amepoteza kilo 37, ambazo kwa vipimo vya soko la mahindi la Kimilili na Kitale ni zaidi ya thuluthi moja ya gunia la kilo 90. Asiyewahi kulibeba gunia hilo mgongoni na aulize wapagazi wa sokoni kama huo ni mzigo mdogo.

Isitoshe, si kila kusimama kwa mizani ni kukoma. Karibu na wiki ya tatu wengi huona uzito umeganda, wakaingiwa na hofu kwamba upasuaji umefeli. Katika wiki za mwanzo mwili hutumia akiba yake ya wanga, iitwayo glaikojeni, ambayo huhifadhiwa pamoja na maji yenye uzito wa takriban mara tatu yake. Akiba hiyo ikiisha maji hutoka nayo na mizani hushuka haraka. Baadaye maji hurekebika huku mafuta yakiendelea kuondoka, na kwa siku kadhaa mizani haionyeshi kitu. Kusimama kwa wiki mbili au tatu ni kituo tu njiani. Uzito uliosimama miezi mitatu hadi sita, baada ya mwaka wa kwanza kupita, ndio unaostahili kuitwa kikomo.

Hesabu ya ukutani

Katika kliniki nyingi kuna chati ukutani inayompa kila mtu uzito wake kulingana na kimo. Hesabu yenyewe ni nyepesi: uzito kwa kilo hugawanywa kwa kimo cha mita kilichozidishwa kwa chenyewe. Jawabu likiwa kati ya 18.5 na 24.9 uzito huitwa wa kawaida, kuanzia 25 umezidi, na kuanzia 30 ni unene wa kupindukia. Mwalimu wa mfano wetu alianza akiwa na 45 hivi. Akifika kilo 78 atakuwa na 30.5, na chati ileile itaendelea kumwita mgonjwa mpaka afike chini ya kilo 64.

Hapa ndipo wengi hupotea. Mtu aliyeacha dawa za kisukari, anayepanda mlima bila kutweta na kulala bila kukoroma, huambiwa na karatasi kwamba bado kilo 14. Basi huanza kupunguza, kwa maana kamili ya kauli ya kutendesha, pale ambapo kupungua kumekwisha. Hula mara moja kwa siku. Huacha maharagwe. Matokeo yake ni kwamba kinachoondoka sasa si mafuta pekee bali pia misuli, na misuli ikipungua mwili hutumia nishati kidogo zaidi, hata uzito ukirudi hurudi ukiwa mafuta.

Ikumbukwe kwamba hesabu hiyo ilitokana na kazi ya Adolphe Quetelet, mwanahisabati wa Ubelgiji wa karne ya 19, aliyekuwa akitafuta sifa za mtu wa wastani katika umati. Hakuwa akimtibu mtu. Jina ambalo hesabu hiyo inajulikana kwalo leo kimataifa ilipewa mwaka 1972 na Ancel Keys na wenzake. Kwa kupima kaunti nzima inafaa. Kwa kumwambia mwanamke mmoja wa Kimilili akome wapi, haimjui: haijui mifupa yake, haijui misuli aliyoijenga kwa kulima, wala haijui ngozi iliyolegea baada ya mafuta kuondoka, ambayo ina uzito wake na haipungui kwa kufunga kula.

Wapasuaji wenyewe hawatumii chati hiyo kama shabaha. Kwa miaka mingi wamehesabu kupoteza nusu ya uzito wa ziada kuwa mafanikio. Uzito wa ziada wa mwalimu wetu ni kilo 51, yaani tofauti kati ya 115 na 64. Nusu yake ni kilo 25 na ushei. Kwa kipimo hicho akiwa na kilo 89 amefaulu. Ajabu ni kwamba habari hiyo huwafikia wagonjwa wachache. Wengi hutoka hospitalini na picha ya mtu mwingine katika simu, wakidhani hiyo ndiyo ahadi waliyopewa.

Macho ya jirani

Huku karatasi ikimwambia apunguze zaidi, kijiji humwambia alikwisha kupita kiasi zamani. Pasipo kuielewa historia ya eneo hili mtu anaweza kudhani hiyo ni dharau au husuda. Mwaka 1985 madaktari wa Uganda na wenzao wa kigeni walichapisha katika jarida la Lancet maelezo ya ugonjwa mpya uliokuwa ukiwakondesha watu wa wilaya za Rakai na Masaka, ambao wenyeji walikuwa wamekwisha kuuita kwa neno la Kiingereza lenye maana ya wembamba. Kwa matamshi ya Kiganda likawa silimu. Kutoka Kimilili hadi mpaka wa Uganda pale Lwakhakha si mbali, na jina hilo lilijulikana upande huu. Ukimwi ulipotangazwa kuwa janga la kitaifa nchini Kenya mwaka 1999, vijiji vilikuwa vimekwisha kujifunza kuusoma mwili: mashavu yakiingia ndani, nguo ikining'inia, watu walijua, au walidhani kwamba wanajua, kitakachofuata.

Mtu aliyepoteza kilo 37 katika mwaka mmoja hupita katikati ya kumbukumbu hiyo. Uso hutangulia kukonda kuliko nyonga. Nywele hunyonyoka kati ya mwezi wa tatu na wa sita, kwa kuwa mwili uliopata mshtuko huzisimamisha kwa muda. Bibi wa nyumba, kukhu kwa Kibukusu, humtazama mjukuu akila vijiko vinne vya ugali na kipande cha kuku na kusukuma sahani, na swali lake haliulizwi kwa sauti. Mwaka ukiwa wa tohara, maana Wabukusu hutahiri Agosti ya miaka inayogawika kwa mbili, karamu hufuatana na kila nyumba humtengea mgeni sahani. Kukataa chakula cha mtu si jambo la lishe.

Si ajabu basi kwamba baadhi hukoma kabla ya wakati, wakajilazimisha kula ili wasisemwe. Kwa kuwa mfuko mdogo haupokei sahani ya ugali, wao hugeukia vitu vyepesi kupita: chai yenye sukari nyingi, soda, biskuti. Kwa waliofanyiwa mchepuko sukari nyingi huingia kwenye utumbo kwa kishindo, moyo ukaenda mbio, jasho likatoka na tumbo likaendesha. Wengine hukosea upande wa pili. Huko mjini wanasifiwa, nguo mpya kila mwezi, picha mpya kila wiki, na sifa hizo huwafanya waogope hata kilo moja ikirudi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na hapa tembo ni mwili wenyewe.

Hata hivyo jicho la jirani lisidharauliwe kabisa. Upasuaji haumkingi mtu dhidi ya kifua kikuu, virusi vya ukimwi, tezi ya shingo iliyochachamaa wala saratani. Mtu ambaye uzito wake ulikwisha kusimama, kisha ukaanza kushuka tena bila yeye kubadilisha chochote, hana sababu ya kushangilia. Anapaswa kupimwa magonjwa hayo kama mtu mwingine yeyote, na hospitali ya Kimilili inatosha kwa kuanzia. Kosa baya kuliko yote ni la mhudumu wa afya anayesikia neno upasuaji wa tumbo na kuacha kutafuta.

Dalili za kikomo

Kama chati haifai na kijiji hakifai, mtu aamue kwa nini? Jibu linalopendekezwa hapa si la namba moja. La kwanza la kuangalia ni sababu iliyompeleka mtu hospitalini. Kama ilikuwa kisukari, sukari yake ikoje sasa? Hapa kuna hatari inayosahaulika: dawa za kisukari na za shinikizo la damu zilizopimwa kwa mwili wa kilo 115 zinaweza kumwangusha mtu wa kilo 90. Wako wanaohitaji kupunguziwa dawa katika siku za kwanza tu baada ya upasuaji, kabla uzito haujashuka sana, kwa sababu sukari huitikia mabadiliko ya homoni za utumbo mapema. Kizunguzungu na jasho baridi visichukuliwe kuwa udhaifu wa kukonda. Dawa huenda zimezidi, na daktari ndiye wa kuzirekebisha.

La pili ni nguvu. Mizani haibagui kilo ya mafuta na kilo ya misuli, lakini magoti hubagua. Anayeweza kuinuka kitini bila kujishikilia, akabeba ndoo ya lita 20 kutoka kisimani na kumaliza siku shambani kama zamani au zaidi, misuli yake ipo. Anayezidi kuwa mwepesi huku akizidi kuwa dhaifu amekwisha kupita kikomo, hata kama chati bado inamwita mnene.

La tatu liko katika damu. Kiwango cha damu, madini ya chuma, vitamini B12, vitamini D na albumini hueleza kama mwili unapokea unachohitaji. Upungufu wa vitamini B1 ni wa kuogopwa hasa kwa anayetapika mara kwa mara, maana unaweza kuuharibu ubongo kwa wiki chache: macho hucheza, hatua huyumba, kumbukumbu hupotea. Mgonjwa wa namna hiyo hasubiri miadi ya mwezi ujao. Kielezo cha uzito kwa kimo nacho kina kazi moja isiyopingika, nayo ni kuonya upande wa chini. Mwalimu wetu akikaribia kilo 50, karibu na 18.5 ya chati, mtu yeyote asimwambie kwamba amefanikiwa.

Kwa mwanamke anayetaka mtoto kuna sababu nyingine ya kungoja kikomo. Madaktari hushauri mimba isubiri miezi 12 hadi 18, yaani mpaka uzito utulie, kwa sababu mwili unaopoteza kilo kila wiki hauna akiba ya kumlisha mwingine. Shauri hilo linapaswa kumfikia mume na mama mkwe pia, kwa kuwa wao ndio wanaouliza.

Namna ya kuusimamisha uzito

Aliyefika mahali pake huku mizani bado ikishuka husimamishwa kwa chakula, na chakula huongezwa kwa utaratibu. Protini hutangulia, gramu 60 hadi 80 kwa siku: mayai, samaki, kuku, maziwa, maharagwe yaliyoiva sana. Baada ya hapo huongezwa vyakula vyenye nishati nyingi katika ujazo mdogo, na Bungoma haina uhaba wa hivyo, kwani parachichi, njugu karanga zilizosagwa na maziwa ya mala vinapatikana kila soko. Kijiko cha njugu zilizosagwa kikichanganywa na mboga ya saga, chisaka kwa Kibukusu, huongeza nishati bila kuujaza mfuko. Ugali hurudi mwisho, bonge dogo. Mlo wa nne na wa tano huongezwa kabla ya kuongeza ukubwa wa mlo wowote, na maji hayanywewi pamoja na chakula.

Sindano za kupunguza uzito zilizoenea duniani katika miaka hii zimelifanya suala la kukoma kuwa pana zaidi. Dawa iitwayo semaglutide ilipojaribiwa na matokeo kuchapishwa mwaka 2021, watumiaji walipoteza wastani wa karibu asilimia 15 katika wiki 68. Walipofuatiliwa mwaka mmoja baada ya kuiacha, walikuwa wamerudisha kiasi cha thuluthi mbili za walichopoteza. Kwa sindano, basi, kuacha na kukoma ni vitu viwili: mtu akiacha dawa, kinachokoma ni kupungua, na uzito hugeuka njia. Mfuko uliokatwa hauachwi. Anayeuchagua huuchagua maisha yote, na pamoja nao vidonge vya vitamini na madini, na kwa wengi sindano ya B12, ambayo muuguzi wa kituo cha afya kilicho karibu anaweza kumdunga bila safari ya Nairobi.

Ni vyema pia mgonjwa awe na karatasi moja aliyoandikiwa kwa Kiswahili: aina ya upasuaji, tarehe yake, uzito wa mwanzo, uzito wa chini kabisa aliowahi kufika, vipimo vya damu vya mwisho na dawa za maumivu asizopaswa kupewa. Kwa waliofanyiwa mchepuko, diklofenaki na ibuprofeni, ambazo duka lolote la dawa huuza, zinaweza kuchimba vidonda pale kijifuko kinapoungana na utumbo. Karatasi hiyo hukaa pamoja na kitambulisho, mahali ambapo jamaa wa nyumbani anajua pa kuitafuta.